Kilo mbili za harusini

Dada Mkubwa: Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Nawaambia mapema ili kesho alfajiri msinisubiri, mi hii programu yetu ya kupunguza uzito naona niiache tu. Wiki 6 nimejinyima, chai bila sukari, soda sijagusa, natembea kila siku, halafu siku mbili tu za harusi ya mtoto wa jirani leo nimepanda mizani naona kilo 2 zimerudi. Mbili jamani! Nimekaa kitandani nimelia

Mama: Marahaba mwanangu. Usilie

Kaka: Pole sana dada. Ulikula nini kwani?

Dada Mkubwa: Ijumaa pilau sahani mbili na soda mbili. Jumamosi supu na chapati asubuhi, usiku biriani. Leo baada ya mizani nikasema nshaharibu basi, nikamaliza na visheti vyote nilivyofungiwa

Mdogo wetu Nesi: Dada pilau halina shida, shughuli ni shughuli. Mi naumia na hivyo visheti vya leo maana umevila kwa hasira

Mdogo wetu Nesi: Ngoja nikupigie hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Ili uongeze kilo mbili za mafuta ungekula kama kalori 15,000 juu ya zile mwili unazotumia, kwa siku mbili, haiwezekani kwa ulivyokula. Hayo mengi ni maji dada. Wanga ukiula mwingi mwili unauweka akiba kwenye misuli na ini, na kila gramu inakaa na maji kama gramu tatu hivi, ongeza na chumvi ya chakula cha shughuli nayo inashika maji. Wewe rudi kwenye chakula chako cha kila siku, usijishindishe njaa kujiadhibu, panda mizani tena Ijumaa

Dada Mkubwa: Kumbe. Mi nilijua wiki 6 zote zimeenda na maji

Kaka: Hizo kilo mbili ndo zimekuja na maji 😂 zitatoka tu

Shemeji: Mimi naishi naye niseme nilichokiona. Zamani mafuta ya kupikia pale jikoni yanamiminwa tu kutoka kwenye dumu, siku hizi anapima na kijiko cha chakula, Nesi alisema kijiko kimoja ni kama kalori 120 tangu siku hiyo kijiko hakitoki pembeni ya jiko. Dumu la lita 5 lilikuwa linaisha kabla ya mwezi, sasa hivi mwezi wa pili huu bado lipo. Na hata mimi mkanda nimerudi tundu moja, na sijafanya chochote zaidi ya kula anachopika. Mama watoto usiache

Mjomba: Nimesoma yote. Mwanangu mimi nilipopimwa sukari kabla ya kula asubuhi ikasoma 6.8, daktari akaniambia kisukari hakijafika ila kipo mlangoni. Nikaanza kwa nguvu zote nikaacha, nikaanza tena nikaacha, mara tatu. Na kila nilipoacha ilikuwa hivi hivi, nateleza Alhamisi nasema nitaanza upya Jumatatu, basi kuanzia hiyo Alhamisi mpaka Jumatatu nakula kama naaga, na Jumatatu yenyewe haifiki. Siku hizi nikiteleza mchana basi usiku huo huo nakula mboga zangu nalala. Na kutembea nimekuunganisha na daladala, nashuka vituo viwili kabla ya nyumbani, nusu saa, siku tano za wiki. Ndo dakika 150 zile wanazosema Shirika la Afya Duniani. Mvua ikinyesha natembea na mwavuli

Dada Mkubwa: Shikamoo mjomba. Umenisema kabisa, mi nilishaipanga Jumatatu kichwani

Mjomba: Marahaba. Usiku wa leo unakula nini?

Dada Mkubwa: Kuna matembele na dagaa. Nasonga ugali wa dona kidogo kama ngumi, nusu ya sahani iwe mboga

Mjomba: Basi umesharudi

Mama: Na mimi nataka kutembea na nyie. Presha yangu inaruhusu?

Mdogo wetu Nesi: Mama unatembea vizuri tu, ila mwendo ambao unaweza kuongea huku unatembea, ukishindwa kuongea punguza. Kifua kikibana au kizunguzungu unasimama unakaa. Na vidonge usiviache hata siku moja ukajiona mzima

Mama: Siachi. Saa 11 na nusu mnikute getini. Zile raba zangu nyeupe nani kachukua?

Dada Mkubwa: Ninazo mimi mama, zipo chini ya kitanda changu. Nakuja nazo