Iafoni za bluetuthi hazina besi kabisa, shida ni iafoni zenyewe au hivi vimpira?

Mwana_Chumbageni

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya sauti maana hapa nilipo nakaribia kuzipiga bei. Nimenunua iafoni za bluetuthi hapa hapa Tanga mjini, sio zile za mezani za buku tano tano, ni za maana kidogo, elfu sabini na tano imenitoka. Kabla ya kununua nilisikiliza za mshkaji wangu, toleo hilo hilo, besi yake unaisikia mpaka kwenye taya. Zangu sasa, nimezitoa kwenye boksi nikavaa, sauti nyembambaaa, matoazi yanachoma sikio, muimbaji yupo ila gitaa la besi ukilitafuta hulipati.

Halafu kuna la pili, ya kushoto inakaa vizuri tu, ya kulia nikianza kukanyaga baiskeli inatoka yenyewe, juzi kidogo iingie mtaroni pale Mgandini. Kwenye boksi kuna vimpira vya saizi tatu, vidogo, vya kati na vikubwa, vya kati ndo vilikuja vimevalishwa. Nikasema niweke vikubwa vikabe, nikaishia kuumwa sikio na besi bado hamna. Nimerudi dukani jamaa ananiambia ndo zilivyo hizo bosi, ongeza besi kwenye simu. Nimeongeza kwenye ikwalaiza mpaka mwisho, kinachotoka ni mkoromo.

Sasa hizi ni feki au shida ni vimpira? Na vile vya sponji ninavyoviona mtandaoni vinasaidia kweli au ni biashara ya watu tu?

Kijana_wa_Duga

Feki hizo kaka. Nipe kwa elfu 20 nikupunguzie mzigo 😂

Fundi_Ngamiani

Huyo ukimpa kesho atakuja kuzisifia humu humu.

Mkuu usiuze kwanza. Mie kazi yangu simu na vikorokoro vyake, nikiletewa iafoni ya kuziba sikio eti haina besi naangalia mpira kwanza, habari za feki tunakuja kuongea baadaye. Fanya hivi kabla hujasoma mbele. Vaa zote mbili, weka wimbo ambao besi yake unaijua, halafu kwa kidole isukume ya kulia ndani taratibu, usikandamize. Kama besi inaibuka ghafla na ukiachia inapotea, iafoni yako nzima, mpira ndo haujaziba.

Sababu ni hii. Ile spika ya ndani ni kitu kidogo, nyingi zina kipenyo cha milimita 6 mpaka 12 hivi, haina ubavu wa kutikisa hewa ya chumba, inachoweza ni kutikisa kile kihewa kilichofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Ikibaki nafasi hata ya kupita uzi ule msukumo wa besi unatokea hapo hapo pembeni, ni pampu ya baiskeli yenye washa iliyokatika, utapampu mpaka utoke jasho na tairi haijai. Matoazi na sauti zote za juu zenyewe hazihitaji kufungiwa kiasi hicho, zinafika tu, ndo maana unaona inachoma. Trebo, yaani hizo sauti za juu, haijazidi hapo, besi imekimbia ikaiacha peke yake. Na ikwalaiza haikusaidii kwa sababu unailazimisha spika isukume zaidi huku bado panavuja, unapata huo mkoromo na chaji inaisha mapema.

Hilo la kubwa kukuumiza na bado kuvuja mie wala halinishangazi. Mpira uliozidi tundu hauingii ndani, unabaki mlangoni, ukingo unakunjika upande mmoja, na kwenye lile kunjo ndo hewa inapita. Vua taratibu uutazame, utaliona kunjo lenyewe. Mara nyingi mdogo ulioingia sawasawa unaziba kuliko mkubwa uliogoma mlangoni. Halafu masikio yako mawili sio lazima yalingane, tundu la kulia linaweza kuwa dogo au limepinda zaidi ya la kushoto, na hakuna sheria ya kuvaa saizi moja pande zote. Mie kushoto ya kati, kulia ndogo, naishi hivyo.

Kuvaa nako kuna namna yake. Pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, shika sikio kwa juu, livute juu na nyuma kidogo, tundu linanyooka, ingiza iafoni huku unaizungusha kidogo ndo uachie sikio. Ukimaliza tafuna hewa, piga mwayo. Taya ikicheza tundu linabadilika umbo, kwa hiyo mpira unaoachia ukitafuna na kwenye baiskeli utakuachia tu.

Bi_Raskazone

Asante fundi, ila ngoja niongezee kwa sie wenye masikio madogo. Hata ile ndogo ya kwenye boksi kwangu ilikuwa kubwa, nikikaa nazo kidogo tu sikio linawaka moto. Kuna saizi ndogo zaidi ya hiyo, ni vile tu kampuni nyingi haziiweki kwenye boksi. Hata AirPods Pro, iafoni za Apple, zilipotoka 2019 zilikuwa na saizi tatu tu, mpaka toleo la pili la 2022 ndo wakaongeza ile ya wadogo zaidi, kwa hiyo tuliokuwa tunalia tulikuwa wengi.

Na kuna jambo nyie kina kaka hamlijui kabisa, ushungi. Ukivaa iafoni halafu ukafunga ushungi juu yake, kila ukigeuza shingo kitambaa kinaivuta iafoni mbele, mpira unaachia kidogo kidogo na besi inaondoka nao, unabaki kuilaumu iafoni. Mie nafunga ushungi kwanza, naacha ulegee pembeni ya sikio, iafoni naiingiza kwa chini. Kile kikofia cha ndani nakipitisha nyuma ya sikio kisilikandamize, na pini inakaa chini ya kidevu sio pembeni. Tangu hapo nashuka daladala nazo ziko pale pale nilipoziweka.

Abiria_wa_Kange

Mkuu jibu lako ni sponji, nukta. Mie ni mtu wa basi, Tanga Dar Dar Tanga, na mnayajua mabasi yetu yakishafungulia zile muvi zao. Silikoni zote zilinishinda. Sponji unaibinya kwa vidole mpaka iwe nyembamba, unaingiza haraka, unaishikilia hapo kama nusu dakika mpaka ifutuke yenyewe. Inajaza tundu lako lilivyo, liwe limepinda liwe duara, haina habari. Besi inajaa na kelele za basi zinashuka sana, usingizi mpaka unapitilizwa Chalinze. Na sio mambo ya mtaani tu, Sony WF-1000XM4 za 2021 zilitoka kiwandani na vimpira vya sponji ndani ya boksi, hao sio wajinga.

Fundi_Ngamiani

Abiria sikubishii, kwa kuziba sponji ni mwisho. Lakini wewe umekaa kwenye siti, mwenzio yuko kwenye pedeli na jua la saa nane la Tanga unalijua. Sponji inakunywa jasho na nta ya sikio, huwezi kuiosha kwa sabuni ikarudi mpya kama silikoni, baada ya miezi michache inakakamaa au inalegea haifutuki tena, unanunua nyingine. Wengine ngozi ya sikio inaanza kuwasha kwa huo unyevu. Na inameza trebo kidogo, mwenye iafoni zinazochoma atafurahi, mwenye iafoni nzito tayari ataona zimefunikwa blanketi. Mie kwa mtu wa baiskeli nampa silikoni laini, anaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, anaianika mpaka ikauke kabisa ndo anairudisha.

Umegusia kelele, pale watu wanachanganya. Noizi kanseli ya umeme, ile ya kufuta kelele za nje, inapambana zaidi na mngurumo wa chini unaoendelea, injini, feni, jenereta. Sauti za watu na makelele ya juu kazi kubwa inafanywa na mpira wenyewe. Mpira ukivuja mngurumo unaingia kwa pale pale ilipotokea besi, halafu mtu anakuja kuniambia noizi kanseli imekufa. Iafoni nyingine zina kipimo kabisa, AirPods Pro na Galaxy Buds2 ukiingia kwenye mipangilio yake inapiga kimuziki kifupi, maiki ya ndani inasikiliza halafu inakwambia upande upi unavuja. Mkuu angalia kwenye apu ya hizo zako, huenda ipo.

Mwana_Chumbageni

Fundi nimefanya ile ya kidole, besi ikaja mpaka nikashtuka. Kushoto nimeacha ya kati, kulia nimeweka ndogo na kuvaa kwa kuvuta sikio. Sasa hivi ngoma naisikia na nimezunguka mpaka Mikanjuni na kurudi ya kulia haijachomoka. Ikwalaiza nimeizima kabisa.

Ila nikawa na tamaa, kuna jamaa anauza vimpira vya ngazi mbili, kile kidogo kimekaa juu ya kikubwa, nikavichukua. Sauti vinaziba hatari. Tatizo keisi haifungi vizuri, na asubuhi nimekuta ya kulia ina chaji asilimia 9 na ya kushoto imejaa. Na je nikitumia vyenye mdomo mpana inakuwaje, maana anavyo na hivyo?

Fundi_Ngamiani

Hivyo vya ngazi mbili vingi ni vya iafoni za waya, mtu wa waya hana keisi ya kufunga. Kwa bluetuthi mpira ukiwa mrefu iafoni inaning'inia ndani ya keisi, zile pini mbili za chaji hazigusi, keisi inadhani hujairudisha, iafoni inabaki inawaka imeshikana na simu usiku kucha. Ndo maana vimpira vya bluetuthi vinatengenezwa vifupi. Ukinunua vya pembeni wakati wowote, kabla hujatoa hela vivalishe, irudishe kwenye keisi, funga, angalia taa ya chaji imewaka pande zote. Muuzaji akinuna mwache anune.

Mdomo mpana unaachia trebo ipite zaidi, inasikika wazi wazi. Mdomo mwembamba unaikaba kidogo na besi inaonekana imesogea mbele. Tofauti ipo ila sio ya kutoa pesa nyingi, kuziba ndo kunaleta tofauti ya kushangaza, hayo mengine ni ladha ya mtu.

La kuangalia kwa makini ni shimo la ndani la mpira, pale panapokaa kwenye kishingo cha iafoni. Vishingo havilingani, vingine milimita 4, vingine 6, na kuna vingine ni vya mviringo uliobanwa. AirPods Pro ndo kabisa, mpira wake una plastiki yake inayobofya, mpira wa kawaida haukai. Shimo likiwa kubwa mpira unakubali kuvaa lakini siku unachomoa iafoni mpira unabaki ndani ya sikio. Ikikutokea usichokonoe na pini wala kijiti cha pamba, utausukuma ndani zaidi, nenda hospitali ya Bombo au zahanati yoyote watautoa na kikoleo chao.

Kijana_wa_Duga

Kwa hiyo elfu 20 ndo haipo tena 😭

Mzee_wa_Makorora

Wanangu nimewasoma. Mie mjukuu kaninunulia hizo za mpira nisikilizie taarabu, zile za Black Star na Lucky Star enzi zetu hapa Tanga, gitaa la besi ndo lilikuwa linatubeba. Besi naisikia safi kabisa sina malalamiko. Shida yangu nikitembea nasikia nyayo zangu mwenyewe dufu dufu kichwani, nikitafuna karanga ndo balaa, na nikiongea na simu sauti yangu inanirudia ndani. Halafu hii ya kushoto siku hizi inalia chini kuliko ya kulia. Nirudi kwenye zile za zamani zisizo na mpira?

Bi_Raskazone

Shikamoo mzee. Mie karanga nilishaacha kabisa kula nazo 😄

Fundi_Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Huko kusikia nyayo kunaletwa na kule kule kuziba, mtikisiko wa mifupa ulikuwa unatokea nje kupitia tundu la sikio, sasa mlango umefungwa unabaki ndani. Ukiingiza mpira ndani kidogo zaidi wengine hupungukiwa, ila hauishi wote. Zile zisizo na mpira hazina tatizo hilo, na ni nzuri kwa simu na kwa kutembea barabarani maana unamsikia bodaboda anayekuja nyuma yako, lakini gitaa la besi utaliaga, na kwenye kelele utajikuta unaongeza sauti mno. Shirika la Afya Duniani wanasema desibeli 80 mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki, na mwenye mpira uliokaa sawa anasikia vizuri kwa sauti ya chini zaidi. Mie ningekushauri ubaki nazo hizo za mpira kwa taarabu ukiwa umekaa barazani, kutembea nenda na hizo za zamani. Na wewe Mwana_Chumbageni kwenye baiskeli vaa moja tu, malori ya barabara ya Pongwe hayana utani.

Hiyo ya kushoto kulia chini mzee usiwaze, vua mpira utazame kile kiwavu cha kwenye kishingo, nta ikikauka pale sauti ya upande huo inashuka. Igeuze iangalie chini, sugua taratibu na mswaki mkavu mlaini, maji usitie wala usichome na sindano, kiwavu kikitoboka kazi imeongezeka. Ikigoma mpe mjukuu aniletee Ngamiani.