Mikusanyo ya katuni za kisayansi na njozi kwa bei nafuu: upi unalipa zaidi?

Kapombe_MZA (Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Nimeweka pembeni laki moja na nusu kwa kazi moja tu: katuni. Sitaki za mashujaa wa kuruka na kanga mgongoni. Nataka safari za anga, maroboti, wachawi, sayari zenye majua mawili, na ziwe mkusanyo, yaani hadithi nyingi ndani ya jalada moja. Nimekulia kwenye Sani, lile gazeti la katuni. Ukifungua gazeti moja unakutana na wahusika chungu nzima, na tangu hapo kitabu cha hadithi moja ndefu huwa kinanichosha kabla sijafika katikati.

Nimechuja hadi nikabaki na hivi:

Judge Dredd: The Complete Case Files, vile vitabu vinene vya Waingereza kuhusu askari-hakimu wa mji wa siku zijazo, vya mwanzo ni rangi nyeusi na nyeupe.

EC Archives, makusanyo ya majarida ya kampuni ya EC, Weird Science au Weird Fantasy, za Marekani ya miaka ya 1950, zina rangi.

Showcase Presents za kampuni ya DC ya Marekani, ambazo zimeacha kuchapwa, kwa hiyo ni kuvizia za mtumba.

Au niache karatasi kabisa, nisome kwenye simu. Nawasikiliza.

Inama_Nairobi

Kaka, mimi ni mteja wa kudumu wa inama, wale wauzaji wa vitabu vya chini barabarani hapa mjini, kwa hiyo nitaongea kuhusu nilivyoshika kwa mkono.

Showcase Presents ilianza 2005, ikifuata nyayo za Essential za wapinzani wao Marvel, zilizoanza miaka ya 1990. Kitabu kimoja kina kurasa kama 500, karatasi ya bei ya chini karibu na ya gazeti, hakuna rangi. Wapenda rangi walivitupa, na ndiyo maana vinatufikia. Nilipata Strange Adventures kwa shilingi 400 za Kenya, jalada limekunjika, ndani kizima kabisa. Kila hadithi ni kurasa chache na inajitegemea. Ni za enzi ambayo mhariri Julius Schwartz mara nyingi alichoresha jalada kwanza, kisha mwandishi akatafuta hadithi ya kuendana nalo. Toleo moja la 1951 lenye sokwe kwenye jalada liliuzwa vizuri sana, basi baada ya hapo sokwe wakajaa: sokwe mwanasayansi, sokwe mtawala, sokwe mfungwa. Ukijua hilo unasoma kwa jicho lingine, unamwona mwandishi akihangaika kueleza sokwe amefikaje kwenye sayari hiyo.

Kwa kurasa kwa shilingi, hakuna kinachoshinda hivi. Tatizo ni kwamba huchagui. Unanunua kilichopo siku hiyo, na unaweza kukaa miezi sita bila kuona kingine.

Usiagize cha mtumba kutoka nje bila kuuliza usafiri kwanza. Niliwahi kuagiza kimoja, kitabu kikawa bei ya soda, gharama ya kukileta ikawa mara nne ya kitabu, na kikafika na maji.

Ukurasa_wa_Mwisho (Dar)

Mkuu Kapombe, kama ni mkusanyo kwa maana uliyoieleza, jibu ni EC, na nitalitetea hili hadi mwisho.

Piga hesabu. Weird Science ilikuwa na matoleo 22 kati ya 1950 na 1953, na Weird Fantasy vilevile 22. Kila juzuu la EC Archives hukusanya matoleo sita, isipokuwa la mwisho lenye manne, na kila toleo lina hadithi nne. Hiyo ni hadithi 24 kwa kitabu cha matoleo sita, kila moja ina mwanzo, kati na mwisho wa kukushtua. Wachoraji ni Wally Wood, Al Williamson, Joe Orlando. Ukiona jinsi Wood anavyochora ndani ya chombo cha anga, mabomba, vibonyezo, kivuli kwenye kofia ya rubani, utakaa kwenye ukurasa mmoja dakika tano.

Na kuna hadithi moja, "Judgment Day", iliyotoka kwenye Weird Fantasy namba 18 mwaka 1953. Samahani kwa ambaye hajaisoma, nitaisema yote kwa sababu ndiyo iliyonifanya nipende kazi hizi. Mjumbe kutoka Dunia anaitwa Tarlton, anafika sayari ya maroboti kukagua kama wako tayari kujiunga na jamhuri ya nyota. Anakuta maroboti ya rangi ya machungwa na ya bluu. Ndani ni mashine zilezile, waya zilezile, tofauti ni bati la nje tu, lakini wa bluu wanatengwa, wana mtaa wao, wanapanda nyuma ya gari. Anawaambia bado hamjawa tayari. Akirudi kwenye chombo chake anavua kofia, na kwenye kisanduku cha mwisho tunamwona kwa mara ya kwanza: ni mtu mweusi, jasho limemtoka usoni linang'aa kama nyota.

Mwaka 1956 walipotaka kuirudia kwenye Incredible Science Fiction namba 33, msimamizi wa kanuni za katuni kule Marekani akasema mtu huyo asiwe mweusi. William Gaines, mwenye kampuni, na mhariri wake Al Feldstein wakakataa kata kata, ikachapwa ilivyo. Hicho ndicho kilikuwa kitabu cha mwisho cha katuni cha EC, wakabaki na jarida la vichekesho la MAD tu. Mimi niliisoma nikiwa chuo, na nikakaa kimya siku nzima.

Bint_Kisauni (Mombasa)

Ndugu yangu wa Dar umesema vizuri, ila useme na upande wa pili. EC ina maneno mengi mno. Feldstein alikuwa akiandika maelezo yote kwanza, maandishi yanapigwa kwa kifaa juu ya karatasi, halafu ndipo mchoraji anapewa nafasi iliyobaki. Matokeo yake unasoma "akafungua mlango" na chini yake mtu anafungua mlango. Ukisoma hadithi tano mfululizo macho yanachoka. Na rangi za EC Archives zimepakwa upya kwa kompyuta, zina mng'ao usiokuwepo kwenye kazi yenyewe. Anayetaka kuona mkono wa mchoraji atafute matoleo ya Fantagraphics, hayana rangi na yamepangwa kwa mchoraji mmoja mmoja.

Mie ni wa 2000 AD. Jarida la kila wiki la Uingereza, lilianza Februari 1977 na halijakoma, limeshapita matoleo 2,400. Kila wiki hadithi kama tano, kurasa tano au sita kila moja. Kwa hiyo mwandishi hana nafasi ya kuzubaa, kila kipande lazima kikuache na hamu. Hiyo ndiyo ladha ninayoisikia Kapombe akiitafuta anapotaja Sani.

Lakini Case Files, mwanangu, si mkusanyo wa aina unayotaka. Ni Dredd peke yake kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Uzuri wake ni mwingine: unaona mji mmoja, Mega-City One, ukijengwa wiki kwa wiki. Ukikinunua, usianzie cha 1, waandishi walikuwa bado wanatafuta njia. Anza cha 5, kina vita kubwa ya "The Apocalypse War" ya 1982, iliyochorwa na Carlos Ezquerra, aliyembuni Dredd pamoja na John Wagner.

Ukitaka hadithi fupi za jarida hilohilo, tafuta Future Shocks. Hizo ni kurasa chache tu, mara nyingi nne au tano, kila moja na mgeuko mwishoni. Zilianza 1977 na ndizo walizofanyia mazoezi waandishi chipukizi, akiwemo Alan Moore kabla jina lake halijavuma. Si zote nzuri. Katika kumi utapata tatu za kukumbuka, lakini hizo tatu!

Kapombe_MZA

Dada Bint, asante kwa hilo la Case Files, ningekosea. Na kuhusu simu? Ninayo ya inchi sita na nusu, bando ndiyo kikwazo.

Bint_Kisauni (Mombasa)

Rebellion, wanaochapisha 2000 AD tangu 2000, huuza kwenye duka lao la mtandaoni faili za PDF na CBZ (aina ya faili za katuni) zisizo na kufuli. Ukishanunua ni lako, unalihamisha kwenye simu, kompyuta, popote. Hili kwangu ni kubwa kuliko bei, kwa sababu kuna maduka ambayo unalipa na bado kitabu kinabaki kwao. Pakua mara moja ukiwa kwenye waifai ya ofisini, basi. Kurasa zisizo na rangi zinasomeka vizuri kwenye kioo kidogo ukiigeuza simu ikalala na kusoma nusu ukurasa. Za EC zitakutesa, maandishi ni madogo.

Kalasi243 (Lubumbashi)

Jambo kwenu wote. Huku kwetu katuni tunaziita BD na tunasoma Kifaransa, kwa hiyo naleta kitu ambacho hamjakitaja. Métal Hurlant, jarida lililoanzishwa Paris mwishoni mwa 1974 na Moebius, Philippe Druillet, Jean-Pierre Dionnet na Bernard Farkas. Wamarekani waliliona wakatengeneza la kwao, Heavy Metal, kuanzia Aprili 1977. La Kifaransa lilikoma 1987 na likafufuliwa tena 2021, sasa ni kitabu kinene kabisa, na linachanganya kazi mpya na za zamani.

Nitasema kweli, si la mtu anayetaka hadithi iliyofungwa vizuri. Moebius anaweza kukupa kurasa nane za mtu amepanda ndege wa ajabu na hakuna neno hata moja. Mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ila si la kuacha mezani penye watoto, kuna michoro ya utu uzima.

Kuhusu bei: sinunui. Nasoma kwenye maktaba ya Institut français, kituo cha utamaduni wa Ufaransa, kadi ya mwaka ni fedha kidogo ukilinganisha na albamu moja. Walio Bujumbura, Dar au Nairobi waulize vituo vya Kifaransa vya huko, rafu ya BD huwa haina msongamano.

BabaWaWawili (Minneapolis)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari. Kwa tulio Marekani, msinunue kabla ya kuuliza maktaba ya mtaani. Kadi ya maktaba ni bure, na maktaba nyingi zina Hoopla: unaazima katuni hapohapo bila foleni, ila kuna kikomo cha idadi kwa mwezi. Kwa walio nyumbani haisaidii, inadai kadi ya maktaba ya huku.

Nimeingia kwa sababu ya watoto. Vyote mlivyotaja ni vya wakubwa. Kwa wa miaka minane na kuendelea kuna Explorer, vitabu vitatu vilivyohaririwa na Kazu Kibuishi kati ya 2012 na 2014. Kila kitabu kina wazo moja, cha kwanza ni masanduku ya ajabu, na kila mchoraji analitafsiri kwa hadithi yake. Binti yangu amekisoma cha kwanza hadi kimeachia gundi. Kibuishi huyohuyo alikuwa na Flight, juzuu nane kuanzia 2004 hadi 2011, rangi tupu, zingine hazina maneno kabisa. Mtoto anayejifunza kusoma anaweza kusimulia mwenyewe kwa Kiswahili, na ndivyo tunavyofanya hapa.

Na kuhusu usafiri: tafuta mtu anayekuja likizo. Vitabu viwili ndani ya begi la kilo 23 hakuna atakayekunyima, mradi umwambie mapema.

Ukurasa_wa_Mwisho (Dar)

Nakubaliana na Bint kuhusu maneno mengi, siwezi kukataa. Na kuna mengine si safi: hapo mwanzoni EC waliunganisha hadithi mbili za Ray Bradbury bila kumwomba. Yeye akawaandikia kwa upole kwamba bado hajapokea malipo yake, wakamlipa, na baada ya hapo wakachora hadithi zake nyingi kwa ruhusa. Zile za baadaye ni bora zaidi, zimo juzuu za mwisho mwisho. Kwa hiyo ukinunua moja tu, chukua ya tatu ya Weird Fantasy, "Judgment Day" imo humo.

Halafu hakuna aliyetaja Digital Comic Museum. Ni tovuti yenye katuni za Marekani ambazo haki zake zimekwisha muda, unajisajili na kupakua bure, kihalali. Planet Comics ipo, matoleo 73 ya 1940 hadi 1953. Hadithi zenyewe nyingi ni dhaifu, wanawake wanaokolewa kila ukurasa wa pili, lakini kwa kujua unapenda nini kabla hujatoa pesa, anza huko.

Inama_Nairobi

Na za kwetu? Kampuni ya Kugali ilianzishwa na Wanigeria wawili na Mganda mmoja, na kabla ya Iwájú, mfululizo wa katuni za video wa Disney wa 2024, walikuwa wakikusanya katuni za wachoraji wa Afrika kwenye antholojia yao. Comic Republic ya Lagos nayo ilianza 2013 ikiwaachia watu wasome bure mtandaoni. Nilipoona daladala linalopaa juu ya mji unaofanana na wetu, sokwe wa Schwartz walipungua utamu kidogo.

Kapombe_MZA

Wakuu, nimeamua. Planet Comics nimeshapakua matoleo mawili leo, kumpa mdogo wangu aonje. Pesa ya karatasi naiweka kwenye Weird Fantasy ya tatu, shemeji yangu anarudi kutoka London mwezi wa kumi na mbili na amekubali kunibebea. Kitakachobaki nachukua Future Shocks ya faili. Showcase nitaendelea kuviziavizia tu.

Inama_Nairobi

Usivizie. Strange Adventures nimeimaliza mara mbili. Ijumaa naifunga kwa nailoni nampa kondakta wa basi la Mwanza, wewe kaipokee stendi Jumamosi. Ukishaisoma unirudishie kwa njia hiyohiyo, nataka na mpwa wangu aione.