Vikobe viwili vichanga havili, na Alhamisi nasafiri navyo Pemba: naomba ushauri

Binti Mkanyageni
Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba msaada wa haraka, roho iko juu. Nna vikobe viwili vichanga, kila kimoja kinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Nimevipata hapa Unguja, nimefikia kwa kaka yangu Fuoni, na Alhamisi narudi navyo kwetu Pemba. Tatizo havili. Nimevipa mkate uliorowekwa maziwa, wali, kipande cha tungule, havigusi. Kimoja kinafumba macho mchana kutwa. Nimevitia kwenye beseni chumbani, chini nimetandika kanga, na feni nimewasha maana joto ni kali. Je, vinaumwa au ndiyo hulka yao? Na kwenye boti nivifunge vipi visinifie njiani? Anayejua kufuga anijibu tafadhali.

Kijana wa Darajani
Waalaykum salaam. Dada, kobe anafika miaka 100 na kupita. Kabla hujauliza anakula nini, andika wasia kabisa nani atamrithi, maana wewe utakwenda na yeye atabaki anakusubiri uwani 😂

Upepo wa Nungwi
Huku kwetu kuna bwawa la Mnarani, nimekulia pale. Wale hupewa mwani na wanachangamka kweli. Mimi nilikuwa mdogo, nikitoka chuoni naingia bwawani kuogelea nao, mama anakuja na fimbo. Siku moja mmoja aliachiliwa baharini, nililia mpaka usiku. Kwa hiyo dada chota maji ya bahari ndoo moja, watie humo, utaona watakavyofurahi.

Tabibu Mifugo
USIWATIE kwenye ndoo! Mnarani ni kasa, wana mapezi, maisha yao ni bahari. Kobe ana miguu ya kutembelea nchi kavu, kwenye maji ya kina anazama na kufa. Bibie nisikilize mimi kwanza, usiku huu huu fanya haya.

Zima feni. Kobe mchanga hukauka haraka sana, na aliyekaukiwa maji hali chakula, hulala tu kafumba macho. Chukua sahani pana, tia maji matamu ya uvuguvugu yasiyopita pale gamba la juu linapokutana na la chini, uwaweke humo robo saa hivi, vichwa viko juu na wewe uko hapo hapo. Watakunywa, na huenda wakajisaidia, usishangae. Fanya hivyo kila siku wakiwa na umri huu.

Mkate, wali na maziwa tupa. Tumbo la kobe halisagi maziwa, na wanga mwingi unachacha ndani. Chakula chake ni majani: nyasi laini, matembele, majani ya mronge, majani na maua ya hibiskasi kama uani kwenu yapo na hayajapigwa dawa. Mchicha kidogo kidogo, maana ukizidi unazuia madini ya chokaa yasiingie mwilini. Kisamvu kibichi hapana, sisi wenyewe hatukili mpaka kipikwe kikaive. Ukienda pwani utakiona kile kifupa cheupe cha dome kinachotupwa na mawimbi. Kisafishe, kikaushe, wawekee wagugune. Gamba ni mfupa, bila chokaa linakuwa laini na kupinda.

Na jua. Si la kupitia kioo cha dirisha, kioo kinazuia ule mwanga unaotengeneza vitamini D. Watoe nje asubuhi, nusu ya boksi iwe na kivuli wajichagulie wenyewe, na juu weka wavu. Kunguru hawa walioletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 hawaachi kifaranga cha chochote. Usiku kuna panya na siafu.

Sasa na mimi nna swali: umewapata wapi?

Binti Mkanyageni
Allah akulipe kheri Tabibu. Feni nimezima, nimewaogesha, kimoja kimekunywa kweli, nimekiona koo linacheza! Nimefurahi sana. Matembele nitatafuta asubuhi Mwanakwerekwe.

Hilo la wapi nimepewa tu na mtu. Nnachotaka kujua zaidi ni la safari. Banda kule nyumbani lishajengwa, ni la kuku lakini kuku tumewahamisha, na mwanangu wa miaka 6 kila siku ananipigia simu anauliza wamefika wapi.

Maalim wa Konde
Mwanangu, mnyama ni amana. Mnakumbuka habari ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie ardhini, akaingia motoni kwa ajili yake. Watoto wa siku hizi wanataka mnyama wiki moja, ya pili washachoka. Shika simu mwambie mtoto asome juzuu yake kwanza.

Mama Nasra
Maalim na wewe, mama wa watu kauliza chakula! Bibie, mwanao akimaliza kuwashika anawe mikono kwa sabuni, na asiwabusu. Kobe hubeba vijidudu vya salmonela, yeye hadhuriki, ila mtoto atahara mpaka alazwe. Marekani walipiga marufuku tangu 1975 kuuza kasa na kobe wadogo chini ya inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Wangu alikuwa na njiwa, ni yale yale, kila kitu mdomoni, nikawauza wote.

Tabibu Mifugo
Mama Nasra asante, hilo ni kweli tupu. Binti Mkanyageni, narudia. Siulizi kwa umbea. Kuna kobe wa aina nyingi na kila mmoja ana mahitaji yake. Wana rangi gani? Manjano yenye madoa meusi, au weusi watupu? Na mtazame mmoja kwa mbele, pale gamba linapokaa juu ya shingo, katikati: kuna kipande kidogo peke yake, au hakuna?

Binti Mkanyageni
Weusi. Nyeusi ya kung'aa. Na kipande hicho kipo, kwa wote wawili.

Tabibu Mifugo
Basi si kobe wa bara yule wa madoadoa. Yeye kipande hicho hana, na akiwa mchanga ni wa manjano. Hao kwa maelezo yako ni kobe wakubwa wa Aldabra, visiwa vya Shelisheli. Dume wao anaweza kufika kilo 250. Dada yangu, hapa kwetu hao hawaokotwi njiani. Nani kakupa?

Mzee wa Mtoni
Nilijua tu. Yakhe, mimi baba yangu alikuwa mpiga makasia, akivusha watu kisiwa cha Changuu. Kobe wale wa kwanza walikuja 1919, wanne tu, zawadi kutoka kwa gavana wa Waingereza kule Shelisheli. Wakazaana vizuri, mzee akitusimulia kuwa ukishuka ufukweni unawakwepa kama magunia ya karafuu yaliyoanikwa njiani. Kisha ikaingia tamaa. Wakawa wanachukuliwa, wengine wanaliwa, wengine wanauzwa ng'ambo, na wadogo ndio rahisi, unamtia mfukoni. Kufika 1996 walibaki 7. Saba! Ndipo wakazungushiwa uzio na kutiwa namba mgongoni, na wadogo wakafungiwa mbali na watu. Mimi nikienda leo na wajukuu, nikiona wale wazee wananyoosha shingo wakunwe, nashukuru Mungu waliobaki. Sasa ukiniambia kuna vichanga viwili kwenye beseni Fuoni, mwanangu, damu inanichemka. Si kwako wewe. Kwa aliyekupa.

Binti Mkanyageni
Haya nasema. Kuna papasi mmoja, wale vijana wanaowafuata watalii, nilikutana naye pwani, alikuwa nao kwenye kimfuko cha plastiki, mdomo kaufunga. Nilimwambia watakufa, akasema basi nunua. Nikatoa pesa. Karatasi hakunipa, na wapi kawatoa sikumuuliza. Ningewaacha mle mfukoni? Angemuuzia mgeni akaondoka nao, au wangekufa siku ile ile. Kwangu watapata kivuli, majani, uwa mpana, shamba letu lina mikarafuu na nyasi mwaka mzima. Wanaokaa kwenye uzio wakishikwashikwa na watalii kutwa wana raha gani zaidi? Mimi sioni kosa. Naomba tu mnisaidie wafike salama.

Kijana wa Darajani
Hapo dada kasema. Mimi ningenunua pia, wallahi.

Tajiri Mpya
Dada njoo inboksi. Kama wamekushinda mimi nawahitaji, nina hoteli ndogo kaskazini, nakurudishia pesa yako na ya juu.

Jicho la Ng'ambo
Mnachezewa nyie. Someni tangu juu. Mwanzo "nimevipata". Mara "nimepewa na mtu". Sasa "nimenunua kwa papasi". Picha hata moja hakuna. Alikuja kuuliza vikobe vinaumwa, ghafla kuna mwenye hoteli anataka kununua, na bei ya juu! Huu uzi ni wa dalali, kakaa na mwenzake wanapandisha bei hadharani. Kesho utaona "wamebaki wawili tu, wahi". Ama ni dalali ama ni mtunzi wa hadithi, hakuna mama wala mtoto wa miaka 6.

Upepo wa Nungwi
Kumbe! Na mimi nimempa siri zangu za bwawani.

Mama Nasra
Mbona kama kweli... bibie tia picha basi.

Binti Mkanyageni
Picha siweki. Mtu akijua niko nyumba gani Fuoni nitapata taabu, na kaka yangu hajui kuwa hawana karatasi. Huyo wa hoteli simjui na sitamjibu. Mniite dalali, mniite mtunzi, lakini jamani kile kimoja bado kimefumba macho na sasa pua inatoa povu. Tabibu upo?

Tabibu Mifugo
Nipo. Jicho la Ng'ambo, ni haki kushuku, na huyo Tajiri Mpya nimeshawaandikia wasimamizi wamtoe. Ila ngoja nimuulize jambo moja ambalo hawezi kulibuni. Bibie, mgeuze polepole yule mzima, mtazame gamba la tumboni na ncha ya mdomo wa juu. Unaona nini? Kisha mrudishe haraka, asikae chali.

Binti Mkanyageni
Tumboni katikati kuna alama kama kidonda kilichofunga, laini kuliko pengine. Mdomoni juu kuna kincha kidogo cheupe, kigumu. Hicho sikukiona mwanzo.

Tabibu Mifugo
Mnaona? Ile ni alama ya kiini cha yai, pale chakula chake cha ndani ya yai kilipokuwa kikimwingilia mwilini. Na kile kincha ni cha kupasulia gamba la yai, hudondoka chenyewe. Huyu dada hao kobe anao mkononi, na wametoka yaini karibuni sana. Mtu kawachukua kwenye shimo la mayai au mara tu walipojitokeza.

Povu la pua, pamoja na kufumba macho, ni dalili ya mapafu. Kobe hana msuli wa kumsaidia kukohoa kama sisi, kikimshika kifua kinashika kweli. Hapo hakuna dawa ya kuelekezana hapa, anataka sindano kwa uzito wake, na ukikosea kipimo unamuua figo. Usimpe vidonge vya watu, nakuomba. Mtenge na mwenzake, mweke pahala pakavu pasipo upepo, umwogeshe maji ya uvuguvugu asubuhi na umkaushe. Kwenye boti HASAFIRI. Baridi ya ndani ya boti pamoja na mtikisiko vitammaliza.

Na la karatasi nalisema wazi. Tunayo sheria ya misitu na maliasili, namba 10 ya 1996, wanyama mwitu wamo. Kobe wa Aldabra wamo pia kwenye orodha ya mataifa ya biashara ya wanyama adimu. Nenda Idara ya Misitu, Maruhubi, nenda nao wote wawili. Watajua wapi wa kuwapeleka na nani wa kumtibu.

Binti Mkanyageni
Nikamatwe mimi niliyewaokoa, na papasi anakula pesa zangu pwani? Na mwanangu nimwambie nini? Tikiti nimeshakata. Kile kizima kina tatizo gani, kinakula sasa hivi nyasi za kaka, naviona vinavyokatika. Siwezi kwenda na hicho kimoja na kingine nikakiacha?

Maalim wa Konde
Mwanangu, nilikujibu kwa ukali mwanzo. Sikiliza. Kizima ukikichukua peke yake, kikishakua kitakuwa cha kilo 200 kwenye banda la kuku, bila mwenzake. Mtoto mlete Unguja likizo umvushe Changuu awaone.

Kijana wa Darajani
Maalim leo kasema neno zito bila kumtajia mtu moto.

Jicho la Ng'ambo
Mimi bado nataka picha. Ila hilo la kidonda cha tumboni sikulijua, nakubali.

Mzee wa Mtoni
Binti, mimi nakaa hapo Mtoni, Maruhubi ni jirani, naenda kwa miguu. Asubuhi nitakuwa barabarani nakusubiri, tuingie pamoja. Kuzungumza niachie mimi, kuna waliosoma na wanangu pale. Utasema ulivyosema hapa, neno kwa neno, na huyo papasi utamweleza sura yake.

Binti Mkanyageni
Nitakuja baba. Lakini nakuja kuuliza, sijasema nawaacha. Nitawabebaje mpaka huko kwenye daladala?

Tabibu Mifugo
Boksi mbili za kadibodi, ndogo, kila mmoja lake. Toboa matundu ubavuni, si juu. Chini tia nyasi kavu au kitambaa kisicho na nyuzi za kumnasa kucha. Usitie maji wala chakula humo. Yapakate mapajani, mbali na dirisha, na yule mgonjwa muogeshe na kumkausha kabla hujatoka. Mzee, mkishafika nipigie, nambari yangu nimekutumia inboksi, nitaongea na daktari wao.