Kutengenezesha bunduki ya masafa marefu kwa koyote: kaliba gani, na mtutu wa urefu gani?

Mlenga Nyika

Salaam kwenu nyote. Ninaishi mashariki mwa Wyoming, Marekani, mahali ambapo malisho yako wazi kiasi kwamba koyote (mbwa mwitu mdogo wa Amerika) huonekana akikatiza bonde muda mrefu kabla hajafika umbali wa kupigwa. Kwa misimu mitatu nimewawinda kwa bunduki ya kiwandani ya kaliba (aina ya risasi) ya .22-250 Remington niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na chini ya yadi 250 (yadi moja ni karibu mita 0.9) sina malalamiko nayo. Wanaonisumbua ni wale wanaokuja hadi ukingo wa kilima, yadi 350 hadi 500, wakaketi na kuitazama spika ya kuitia, ile inayotoa milio ya kuwavuta, bila kusogea hata hatua moja. Mwezi Januari nilimkosa mmoja kwa yadi 410. Hakukimbia, aligeuza kichwa akaitazama theluji iliyoruka upande wake mmoja, kisha akatulia. Nilipiga tena, na risasi ya pili ikaangukia palepale pa kwanza.

Sasa nimeweka akiba na ninataka kumpa fundi kazi. Mpango wangu ni bunduki ya kaliba ya 6.5 Creedmoor yenye mtutu mzito wa inchi 26, kitako cha chasisi ya alumini na darubini ya ukuzaji wa 5 hadi 25, jambo litakalofikisha uzito wa pauni 14 hivi. Ngozi huwa ninaziuza, ingawa si kipato ninachokitegemea. Ninaomba ushauri kabla sijalipa fedha za awali.

Fundi Mitutu

Ndugu, anzia kwenye ile theluji. Bunduki iliyopeleka risasi mbili mahali pamoja kwa yadi 410 haina kosa. Aliyekosea ni aliyeusoma upepo, na pengine kichwa cha risasi ulichokuwa ukikitumia. Kichwa cha greini 55 (greini ni kipimo cha uzito, karibu gramu 0.065) cha .22-250 huondoka kwa kasi kubwa sana lakini ni chepesi na kifupi, kwa hiyo upepo wa maili 10 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni hukisogeza karibu inchi 20 kinapofika yadi 400. Kichwa kirefu cha milimita 6 chenye greini 105 hadi 108, japo huanza safari polepole zaidi, husogezwa takriban nusu ya hapo. Ukikumbuka kwamba eneo la moyo na mapafu ya koyote halizidi sana kiganja kilichokunjuliwa, utaona kwamba inchi hizo 10 unazookoa ndizo unazolipia fedha.

Kwa sababu hiyo ningeiacha 6.5 na kuchukua 6mm Creedmoor. Hiyo 6.5 ni risasi nzuri, na ilipotoka mwaka 2007 iliwavutia walenga shabaha kwa haki, lakini koyote wa pauni 30 hahitaji nguvu yote hiyo. Pia 6mm hupiga teke dogo zaidi begani, na jambo hilo lina faida ambayo watu huidharau: jicho lako halitoki kwenye darubini, kwa hiyo unaona mwenyewe risasi imetua wapi na unarekebisha mara moja.

Kuhusu msokoto wa ndani ya mtutu, agiza 1 kwa 8 au 1 kwa 7.5, yaani mfereji uzunguke mara moja kila inchi hizo. Usikubali msokoto wa polepole kuliko huo kwa vichwa virefu. Mitutu mingi ya kiwandani ya .22-250 ina msokoto wa 1 kwa 14, ambao unatosha greini 55, lakini ukiupa kichwa cha greini 75 hakizunguki kwa kasi ya kutosha, nacho huanza kupepesuka hewani na kutoboa karatasi kwa ubavu. Nimeletewa bunduki kadhaa zikilalamikiwa kuwa mbovu, kumbe mwenyewe alinunua risasi ambazo mtutu wake hauziwezi.

Ubaya wa 6mm Creedmoor ni kwamba huumaliza mtutu mapema. Wengi huanza kuona usahihi ukipungua kati ya risasi 1,500 na 2,000. Kwa mwindaji huo ni muda mrefu. Kwa mtu anayefanya mazoezi kila wiki si mrefu.

Mtega Ngozi

Ninamheshimu fundi, lakini ninaona sote tunakimbilia mtutu wakati swali liko kwenye miguu. Koyote anayeketi kwenye ukingo wa kilima kwa yadi 400 mara nyingi anasubiri kupata harufu yako. Amekuona ukipanda, au upepo umempa habari zako, au umeweka spika mahali ambapo anaweza kuichunguza akiwa mbali bila kujihatarisha. Mimi hukaa nyuma ya mwinuko ambapo mnyama analazimika kuukwea ili aone sauti inatoka wapi, naye akitokeza anakuwa ndani ya yadi 150. Kwa umbali huo hiyo .22-250 yako haina mpinzani, na mtutu mpya hautakuongezea ngozi hata moja.

Kuhusu ngozi zenyewe, usitarajie kaliba itakayokutendea wema kwa yadi 60 na kwa yadi 450 pia. Kichwa chepesi kinachopasuka ndani ya mnyama akiwa mbali kinaweza kumfumua akiwa karibu. Hiyo 6.5 ndiyo ingekupa kazi kubwa kuliko zote ya kushona matundu kwa sindano na uzi.

Tena, kwa yadi 400 kichwa cha risasi huchukua karibu nusu sekunde kufika. Koyote akiinuka na kuanza kutembea tu, si kukimbia, atakuwa amesogea zaidi ya futi moja na nusu, na hapo unampiga tumboni. Hakuna fundi anayeweza kulitengeneza hilo.

Mtembea Vilima

Mimi nina neno kuhusu uzito tu. Niliwahi kutengenezesha bunduki ya pauni 15. Kwenye benchi ilikuwa raha tupu, lakini baada ya vituo sita vya kuitia katika siku moja, kila kimoja maili moja kutoka barabarani, nilianza kuchagua vituo vilivyo karibu na gari. Bunduki ndiyo iliyokuwa ikiniamulia niwinde wapi. Lenga pauni 10 pamoja na darubini na miguu yake miwili.

Ukitaka kizuia sauti, fikiria mtutu wa inchi 20 au 22, kwa sababu chenyewe huongeza inchi 6 hivi mbele, na bunduki ndefu kama mwichi ni kero mlangoni mwa gari. Ule ushuru wa dola 200 uliowekwa na sheria ya mwaka 1934 ulishushwa hadi sifuri tangu Januari 2026, lakini maombi ya kibali na usajili wa ATF, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia silaha, vimebaki. Mwambie fundi akate nyuzi za mdomo wa mtutu tangu mwanzo. Kwa darubini, ukuzaji wa 3 hadi 18 unatosha. Ukianzia 5, koyote aliyetokea ghafla kwa yadi 40 utaona manyoya tu. Na kwa baridi ya huko, futa mafuta yote mazito ndani ya bolti, kile chuma kinachoifunga risasi nyuma ya mtutu, kwa maana yakiganda sindano ya kufyatulia hupiga kwa unyonge.

Mlenga Nyika

Nimesoma kwa makini. Ile theluji iliruka kuliani kwake mara zote mbili, nami risasi ya pili nililenga palepale kana kwamba ya kwanza haikuniambia kitu. Vituo nitavipanga upya kama alivyoeleza Mtega Ngozi, lakini huku kwetu kuna maeneo mapana yasiyo na mwinuko wowote, kwa hiyo mtutu bado ninauhitaji. Je, Fundi, ninaweza kuutumia mwili wa bunduki hii niliyonayo, yaani ile sehemu ya chuma inayobeba bolti na kushika mtutu, badala ya kununua mpya?

Fundi Mitutu

Unaweza, ikiwa fundi wako ataukagua na kuuona mzima. Kitako cha ganda la .22-250 na cha 6mm Creedmoor vina kipenyo kimoja, kwa hiyo bolti haibadilishwi. Kagua sanduku la risasi, kwani baadhi ya bunduki za .22-250 zina lililofupishwa, na risasi ndefu haitaingia. Halafu amua mapema utatumia kichwa gani, utengeneze risasi mbili zisizo na baruti wala fataki zenye kichwa hicho, umpelekee fundi pamoja na bunduki, ili akate koo la chemba, yaani sehemu ya mtutu iliyo mbele tu ya mahali risasi inapokaa, kwa urefu wake. Ukimpelekea mtutu bila hizo, atakata kwa kipimo cha kawaida, nawe utabaki kuutafutia mtutu kichwa kinachoufaa.