Kupima nguvu ya misuli ya kupumua: mdomoni, puani au kwa mrija?

Tabibu_Kijana
Wakuu, habari za kazi. Tuna mgonjwa wa Guillain-Barré (ugonjwa wa neva unaolegeza misuli) wodini. MIP (shinikizo la juu kabisa la kuvuta pumzi) ya mdomoni inatusumbua kwa sababu midomo imelegea na hewa inavuja. Mwenzangu anasema ukweli uko kwenye mrija wa puto, ule unaoshushwa hadi tumboni. Mnasemaje?

Fizio_Pwani
Mrija hapana, mkuu. Jaribuni SNIP, yaani shinikizo la kunusa linalopimwa puani. Kiziba kinaingia tundu moja la pua, la pili linabaki wazi, kisha anavuta hewa ghafla kama anayenusa. Midomo haihusiki kabisa. Rudieni angalau mara 10 mkimpumzisha katikati, mchukue namba ya juu, maana wagonjwa hupanda kadiri wanavyozoea. Mwanamume akivuka sentimita 70 za maji, au mwanamke 60, udhaifu mkubwa wa misuli ya kuvuta pumzi haupo. Ila mafua yakiziba pua, namba hiyo msiiamini.

Dkt_Mapafu
Naongezea hapo. Vipimo vya nje vinaaminika vikitoka vizuri. Vikitoka vibaya, huenda mtu amechoka tu au hakuelewa maelekezo. Hapo ndipo mrija unapostahili: puto moja kwenye umio, jingine tumboni, na tofauti ya shinikizo inaonyesha kazi ya kiwambo chenyewe (msuli mkuu wa kupumua, ulio kati ya kifua na tumbo). Ukichochea neva za freniki (zinazoendesha kiwambo) kwa sumaku shingoni, kiwambo kinajikaza hata mgonjwa asipojitahidi, kwa hiyo suala la juhudi linaondoka. Mimi ningeutumia kwa mtu ambaye namba zake hazilingani na dalili, na hali yake imetulia. Huyu wenu anaweza kubadilika ndani ya saa chache, msimwongezee mateso.

Sista_Zamu
Nakubaliana na daktari. Mpimeni pia hewa anayotoa kwa pumzi moja kamili, kwa barakoa badala ya kipande cha mdomoni. Ikiwa chini ya mililita 20 kwa kilo, au MIP chini ya sentimita 30 za maji, au nguvu ya kutoa pumzi chini ya 40, huyo ni wa ICU. Mwangalieni na tumbo: likiingia ndani anapovuta pumzi, kiwambo kimechoka. Tafadhali msisubiri oksijeni ya kidoleni ishuke, hushuka mwishoni kabisa.

Tabibu_Kijana
Asanteni sana. Barakoa tunayo, tunaanza nayo sasa hivi, na ICU nimeshawajulisha.