Tupeane uzoefu: umewahi kuhamishwa kituo cha kazi kwenye laini katikati ya shifti?

Mkongwe wa Laini: Kamwene wakuu. Leo nimepita Makambako, vibarua wamejazana getini kwenye kiwanda cha kupaki, msimu wa parachichi umechanganya. Nikakumbuka mambo ya "kila mtu ajue kila kazi", mafunzo yenyewe kuelekezwa kwa kidole. Yamemkuta nani?

Binti Mufindi: Kiwanda cha chai hivyohivyo. Usinikumbushe.

Mkunja Katoni: Mie. Usiku, kontena la baridi linasubiri nje, mpanga saizi kaumwa. Supavaiza akamtoa dada wa lebo akamweka kwenye saizi, mimi wa kukunja katoni nikapelekwa kwenye lebo. Katoni ya kilo 4 ya saizi 18 inataka matunda 18. Dada wa watu anakadiria kwa macho, zinaingia 16, zinaingia 20, nami nabandika 18 kote. Huku nyuma hakuna anayekunja katoni, zikaisha, parachichi za Hass zikarundikana mwisho wa mkanda zikaanza kumwagika. Mkaguzi akafungua katoni chache tu: "Shusheni yote." Tukafungua paleti mpaka jogoo wanawika. Malipo ni kwa katoni iliyopita ukaguzi, ile kazi ya kurudia hatukulipwa hata mia.

Mama Tukuyu: Wee! Dada alifanywaje?

Mkunja Katoni: Alilia, akafukuzwa. Supavaiza yupo.

Mama Tukuyu: Mungu anawaona.

Injinia Soweto: Kosa ni mpangilio. Toyota hupanga mashine umbo la U, mtu mmoja anafikia kadhaa. Oda ikipungua wanabaki wachache, kila mmoja na hatua nyingi za kazi. Laini yenu imenyooka, akitoka mmoja jirani hafiki.

Mkunja Katoni: Mkuu, Toyota wanalipwa kwa katoni? Nikiacha kazi niliyoizoea nikajifunze lebo, hela ya siku hiyo nikudai wewe?

Injinia Soweto: Ndiyo maana hamuendelei.

Binti Mufindi: Huyo hajawahi kusimama kwenye mkanda, mwacheni.

Fundi Mbao Mafinga: Fundisheni kabla ya msimu. Ubao ukutani, majina huku, vituo kule, tiki kwa anayeweza kweli.

Mama Tukuyu: Kwetu wote walitikiwa vyote, mpaka mlinzi 😂

Mkongwe wa Laini: Wekeni wawili wa akiba.

Binti Mufindi: Wa akiba wetu hutumwa chipsi za bosi.

Fundi Mbao Mafinga: Basi lipeni kwa timu, watu wasigombee kituo.

Mkunja Katoni: Na mvivu?

Fundi Mbao Mafinga: Anajulikana kabla ya chai ya saa nne, timu itamtoa yenyewe.

Mkunja Katoni: Wetu ni shemeji yake supavaiza. Tumtoe vipi?