Tupeane uzoefu: data, Wi-Fi na simu inayoisha chaji ukiwa hujaigusa

Wakuu, salaam.

Naomba tupeane uzoefu kwenye jambo lililonigharimu fedha na amani ya moyo kwa karibu miezi minne: simu kuisha chaji wakati hata sijaitumia. Humu wapo mafundi na wapo waliopitia makubwa kuliko yangu. Naanza mimi, nanyi muweke yenu. Ombi langu moja: tuelezane yaliyotukuta wenyewe, ya kusikia tuyaache.

Mimi ni mwalimu. Mwaka jana nilihamishwa kutoka Dodoma mjini kwenda kijiji kimoja wilaya ya Mpwapwa, bondeni, milima pande mbili. Simu yangu ina betri ya 5000. Mjini nilikuwa naichomoa kwenye chaji saa kumi na mbili asubuhi, na nikienda kulala bado ina asilimia 30 hivi. Kijijini ikawa saa saba mchana imezima. Na haikuwa mkononi, ilikuwa kwenye mkoba, mimi nipo ubaoni na watoto. Nyumba za walimu kwetu hazina umeme, tunachaji kwa sola ya dukani pale senta, sh 500 kila simu. Kila siku 500, mwisho wa mwezi ni elfu kumi na tano imekwenda kwenye chaji, bando sijagusa.

Nikaamini betri imekufa. Nikasafiri hadi mjini, fundi akanibadilishia kwa elfu 35. Wiki moja tu, yaleyale. Nikarudi, akaweka nyingine, nikalipa tena. Yaleyale. Ilipofika likizo ya Desemba nikawa nyumbani mjini na simu hiyohiyo, betri hiyohiyo, ikakaa na chaji kutwa nzima. Ndipo nikaanza kujiuliza kama ugonjwa uko kwenye simu au uko bondeni.

Simu yangu ni ya laini mbili. Ya kwanza inashika vizuri kijiji kizima kwa 3G. Ya pili, ambayo ndiyo ninayopokelea fedha, haina mnara wa karibu. Ukitaka uipate lazima upande kwenye kilima cha tangi la maji. Kumbe simu ilikuwa inaitafuta hiyo laini ya pili kuanzia alfajiri hadi inajizimia. Siku niliporudi kijijini niliizima kwenye mipangilio, sikuichomoa, nikawa naiwasha Jumamosi nikienda Mpwapwa mjini. Siku ile ya kwanza kuizima, saa mbili usiku nilikuwa na asilimia 41. Nilikaa nikaiangalia hiyo namba.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba miezi yote hiyo data nilikuwa nimeizima. Nilijua ukizima data umemaliza kila kitu.

Haya, karibuni.

Fundi wa Arusha

Mwalimu, pole sana kwa hizo betri mbili. Wateja wa aina yako nawaona kila wiki, na sasa hivi kabla sijafungua simu namuuliza mtu kwanza anaishi wapi na anafanya kazi wapi.

Kuzima data hakuzimi redio ya simu, yaani kile kifaa cha ndani kinachowasiliana na mnara. Redio inaendelea kusikiliza mnara ili mtu akikupigia upatikane. Mnara ukiwa karibu, simu inaongea nao kwa sauti ya chini kabisa. Ukiwa mbali au nyuma ya mlima, inapaza sauti, na huko kupaza ndiko kunakokula chaji. Simu ya 4G inaruhusiwa kurusha hadi wati 0.2, na karibu na mnara hushuka hadi sehemu ndogo mno ya hapo. Pasipokuwa na mnara kabisa, inazunguka masafa yote inayoyajua ikitafuta, inapumzika kidogo, inaanza upya. Laini mbili, redio inahangaika kwa ajili ya zote mbili.

Mtu akitaka kuhakikisha, aende kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kisha hali ya laini. Ataona nguvu ya mtandao kwa namba yenye alama ya kutoa mbele. Kwenye 4G, -80 ni nzuri sana. Ukikuta -115, yaani mtandao dhaifu, kwenye chumba unacholala, usinunue betri, hamisha kitanda.

Dereva wa boda, Tegeta

Kazi yangu ni ya programu ya abiria, siwezi kuzima data wala mahali (GPS). Kioo kinawaka, ramani inasoma, data inapokea maombi, jua la saa nane liko juu ya usukani. Simu ilikuwa inachemka hadi inagoma kuchaji, nimeichomeka kwenye pikipiki na bado asilimia inashuka.

Kilichonisaidia ni vitu viwili. Ramani ya Dar nimeipakua nikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani kwa kaka yangu, hivyo haivutwi upya kila mtaa. Na nimezuia programu zote zisitumie data zikiwa nyuma, yaani wakati sijazifungua, isipokuwa ile ya kazi na WhatsApp. Ile Kiokoa Data ya kwenye mipangilio inafanya hivyo kwa kitufe kimoja, halafu unachagua zipi ziachwe huru. Zamani saa tisa niko kijiweni natafuta pa kuchaji, sasa nafika saa kumi na mbili jioni.

Mama wa vikundi

Mimi ni katibu wa vikoba viwili, mweka hazina wa kwaya, na nipo kwenye kamati tatu za harusi. Makundi ya WhatsApp yamefika 34. Sitazami video, sipakui chochote, natumia Wi-Fi ya ofisini, na bado saa nane nimezima. Sijui nianzie wapi.

Fundi wa Arusha

Dada, hapo ni ule utitiri wa meseji ndogondogo. Redio ya simu ikiamshwa na meseji moja, hasa ukiwa kwenye data nje ya Wi-Fi, hailali papo hapo. Inabaki macho sekunde kadhaa ikisubiri kama kuna kingine. "Amina" moja ikifika, imeamka. Inakaribia kusinzia, "Amina" ya pili hiyo hapo. Meseji 200 zilizotawanyika asubuhi nzima zinaweza kukula chaji kuliko kupakua mahubiri ya nusu saa kwa mkupuo kwenye mtandao wenye nguvu.

Kunyamazisha kundi kunazima mlio tu, meseji zinaendelea kuingia. Kwa hiyo toka kwenye makundi ambayo harusi zimeshapita. Yaliyobaki zuia picha na video zisijipakue zenyewe, si kwenye data wala kwenye Wi-Fi. Halafu nenda kwenye bekapu ya WhatsApp uangalie inafanyika saa ngapi na kwa mtandao gani. Iweke kwa Wi-Fi pekee, na simu iwe kwenye chaji.

Mama wa vikundi

Nimetoka kwenye matatu. Moja harusi yake ilikuwa Agosti. Nitaleta mrejesho.

Mwanachuo, Morogoro

Mimi niwatahadharishe kuhusu hotspoti. Chumbani tuko wanne, mimi ndiye ninayenunua bando la mwezi, wenzangu wananichangia. Simu yangu ilikuwa inagawa intaneti kuanzia saa moja jioni hadi usiku wa manane, imechomekwa kwenye chaji muda wote, na mara nyingi iko chini ya mto ili isiibiwe. Ilikuwa ya moto kama pasi. Muhula ulipoisha mfuniko wa nyuma ulianza kuinuka. Betri ilikuwa imevimba.

Nilimpelekea fundi haraka, akanionya nisiibonyeze wala kuitoboa kwa sababu inaweza kushika moto. Akaniambia kilichoiua ni joto. Simu inavuta kwa redio ya mnara, inarusha kwa redio ya Wi-Fi, inachaji, na haipati hewa, yote kwa wakati mmoja. Sasa tumechanga tukanunua rauta ndogo ya laini. Nikiwa peke yangu na kompyuta natumia waya wa USB, intaneti inapita na simu inachaji humohumo.

Mfanyabiashara, Unguja

Mie navuka Dar kila wiki kuchukua bidhaa. Boti ya kasi ni kama saa mbili. Natoka bandari ya Malindi simu ina themanini, nikishuka Dar naikuta chini ya hamsini, na njiani nilikuwa nimelala khasa, sikuigusa. Katikati ya mkondo minara ya Unguja imeshakuwa mbali na ya bara bado hujaifikia, simu inasaka huku na huku.

Sasa boti ikishaacha gati naweka hali ya ndegeni (airplane mode), simu inaacha kusaka minara. Nikiyaona majengo ya Dar naitoa. Haipungui hata asilimia tatu. Mtu akinitafuta ndani ya saa mbili hizo, meseji yake inanisubiri.

Msafiri, Voi

Hapa Kenya kwenye treni ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi ni hayo hayo. Tangu ianze 2017 naipanda kila mwezi. Ukiwa ndani ya Tsavo, treni inakimbia kilomita 120 kwa saa, kila baada ya muda simu inaacha mnara mmoja inadandia mwingine, na kati yao kuna mapengo. Kutazama video hapo ni kuumiza betri bure. Mimi hupakua nikiwa nyumbani kwa Wi-Fi, nikipanda naweka hali ya ndegeni, natazama kwa utulivu hadi Athi River.

Mdau wa Sinza

Na sisi wa mjini tusijione tuko salama. 5G ilipoanza Dar mwaka 2022 nilinunua simu yenye 5G kwa furaha kubwa. Barazani inashika, sebuleni inaruka kwenda 4G, jikoni inarudi 5G. Kwa mitambo mingi iliyopo, simu ikiwa kwenye 5G bado inashikilia na 4G, kwa hiyo ni kama kuendesha redio mbili. Nimeiweka mwisho 4G. Sijaona tofauti kwenye WhatsApp wala YouTube, ila jioni nina chaji.

Muuguzi wa zamu

Naomba nipinge kidogo ile kauli tuliyoizoea kwamba kwa chaji "Wi-Fi ni nafuu kuliko data". Nyumbani kweli, rauta iko hatua tano. Wodini rauta iko ukumbini, kati yetu kuna kuta tatu za zege. Simu inashika kimstari kimoja, inakatika, inahamia data, inarudi Wi-Fi, usiku kucha. Siku nilipoizima Wi-Fi na kubaki na 4G, ambayo dirishani kwetu ina nguvu, nilimaliza zamu na asilimia 60.

Fundi wa Arusha

Uko sahihi kabisa dada, na asante kwa kulisema. Wi-Fi ni nafuu ikiwa na nguvu pale ulipo. Kama rauta yenu ina majina mawili, jaribu lile la 2.4 GHz, linapenya ukuta kuliko la 5 GHz.

Niongeze moja kwa watumiaji wa Android: hata ukizima Wi-Fi, simu inaweza kuendelea kuzitafuta Wi-Fi za jirani ili ijue mahali ulipo. Kitufe chake kiko ndani ya mipangilio ya mahali. Haili sana ukilinganisha na kutafuta mnara, lakini kwa mtu wa kijijini, ambako hakuna Wi-Fi hata moja, ya nini?

Mtoto wa Makete

Wakuu, uzi huu niliusoma Jumanne kwenye daladala nikashuka kituo kisicho changu.

Mama yangu yuko Makete, peke yake, presha inamsumbua. Miaka yote alikuwa na kitochi, anachaji mara moja kwa wiki. Mwaka huu nikaona nimheshimu, nikamnunulia simu kubwa ya 4G. Tangu hapo nikimpigia jioni hapatikani. Nilishagombana na dada yangu kwamba hamchajii mama simu, na dada akalia akisema anaichaji kila asubuhi kwa jirani.

Baada ya kusoma hapa nikampigia kijana wa jirani aende. Akakuta 4G pale nyumbani inakuja na kupotea, lakini 2G imejaa. Mama hatumii WhatsApp, anataka kupiga na kupokea tu. Nikamwelekeza kijana: weka 2G pekee, zima data, zima Wi-Fi, zima na ile ya kutafuta Wi-Fi kwenye mahali, zima laini ya pili ambayo haina hata kitu.

Mwalimu wa Mpwapwa

Ndugu yangu wa Makete, tunasubiri mrejesho. Na dada yako umeshamwomba radhi?

Mtoto wa Makete

Nilimpigia dada Jumatano kabla ya yote. Tumeyamaliza.

Mrejesho ni huu. Simu ilichajiwa Alhamisi asubuhi. Jana Jumapili, saa tatu usiku, nimempigia mama. Imeita mara mbili, akapokea. Nikamuuliza chaji imebaki ngapi, akasema hajui kusoma pale juu ila kibetri bado kina rangi nusu. Tumeongea dakika arobaini.